Kamera ya Anayeanza

Muuza duka aliziweka kamera mbili juu ya kaunta: ndogo nyepesi ya wanaoanza, na kubwa ya daraja la kati, nzito kama tofali.

"Mke wangu ni mpiga picha miaka ishirini," mume alisema upesi. "Mpe hiyo kubwa. Itadumu."

Neno hilo la mwisho alilisema bila kumtazama mkewe. Majibu ya vipimo vya mkewe hospitalini aliambiwa yeye peke yake, na kwa siku tisa alikuwa ameyafungia moyoni, kila asubuhi akimwambia mkewe kwamba ni uchovu tu.

Mkewe aliinua ile kubwa. Ikamlemea, akairudisha.

"Tunachukua hii ndogo."

"Hiyo ya wanafunzi? Kwani umerudi darasa la kwanza?"

"Siyo mimi, baba watoto."

Aliufungua mkanda wa kamera ndogo, akamvisha mumewe shingoni, akaurefusha polepole mpaka ukamtosha.

"Studio yangu haitafungwa. Shika kwa mikono miwili. Kidole kiweke hapa."

Mume alitazama chini, macho yakimchoma.

"Inua uso," mkewe alisema. "Anza na mimi, nikiwa bado natazamika."