Weka Pedi Tu

Pedi za breki zilikuwa zimekwisha tena. Khamala alizichomoa kwenye gurudumu la mbele la pikapu ya Jeconia, akaziona zilivyolika hadi chuma, akazitupa vumbini. Alikuwa amezifunga kwa mikono yake mwenyewe majuzi tu.

Alijua ubaya ulikuwa wapi. Diski zenyewe, vile vyuma vya duara vinavyobanwa na pedi, zilikuwa zimechimbika mifereji. Ukipitisha ukucha, unakwama. Kufunga pedi mpya juu ya diski kama hiyo ni sawa na kusaga unga kwa jiwe lenye mashimo. Na zilikuwa zimekonda mno, hata jamaa wa mashine ya kukereza alikataa kuzigusa. Dawa ilikuwa moja tu, kuzibadilisha. Lakini kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Weka pedi tu, fundi."

Hilo lilikuwa neno la Seline, mke wa Jeconia. Pikapu ilibeba mboga alizouza katika soko la Makina, na yeye ndiye aliyeshika mfuko, kwa hiyo katika gereji hii ya kando ya barabara huko Kawangware neno lake ndilo lililokata shauri. Hakuwa mtu wa kubishana. Alimsikiliza Khamala mpaka mwisho, macho chini, mikono ya sweta ameivuta hadi kwenye vidole hata jua likiwaka, kisha akarudia yale yale. Pedi tu.

Jeconia alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifika na chai na mandazi, akamwita fundi shemeji, akawavunja watu mbavu. Akiulizwa habari za diski, aliinua mikono na kusema yeye ni dereva tu, mwenye kauli ni mkewe, Mama Hope. Khamala alimhurumia. Mwanamume mpole hivyo, na bado alikuwa akiteremka ule mlima wa Silanga, alikokuwa akiishi, na breki za kuombea Mungu. Njia yenyewe imejaa watoto na wauza makaa, na breki zikikamata zilipiga yowe la chuma kwa chuma lililosikika kutoka juu hadi karibu na bwawa lililo chini ya mlima. Majirani walicheka, wakasema Jeconia hahitaji honi.

Safari hii Khamala aliamua kusema bila kupaka mafuta. Alimwonyesha Seline ufa mdogo ulioanza kwenye ukingo wa diski, akamwambia kwamba ikipasuka mlimani gari litaua watu, na mwenye gari atakuwa wa kwanza. Kwa mara ya kwanza aliona maneno yake yamemwingia. Seline aliitazama ile diski kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali lililomtia fundi wazimu.

"Ukibadilisha, bado italia?"

Khamala alidhani analalamikia kelele. Alimhakikishia kwamba haitalia hata kidogo.

Seline akatikisa kichwa. "Basi weka pedi tu. Nitazitafuta mwenyewe, nikuletee kesho."

Akaenda zake. Khamala alibaki amesimama na spana mkononi, damu ikimchemka. Alishawaona wateja wabahili, lakini huyu alikuwa radhi kumzika mumewe kwa sababu ya vyuma viwili. Na siku likitokea la kutokea, nani atalaumiwa? Watu watauliza fundi ni nani.

Asubuhi iliyofuata hakusubiri pedi za mtu. Kwa fundi mwenzake kulikuwa na pikapu ya aina ile ile iliyogongwa nyuma, na diski zake za mbele zilikuwa safi. Khamala alimsaidia kushusha injini, akapewa diski hizo kama ahsante. Akazifunga pamoja na pedi alizokuwa amejiwekea akiba. Hakumwuliza mtu. Alijiambia kwamba iko siku yule mama atamshukuru.

Mchana Jeconia alikuja kulichukua gari. Alilizungusha mara moja, akakanyaga breki, gari likasimama kimya kama paka. Akashuka akicheka, akamkumbatia Khamala bila kujali grisi, akasema leo lazima apitie kwa marafiki wapoze koo kabla ya kurudi nyumbani. Khamala alinawa mikono kwa mafuta ya taa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo moyo wake ulikuwa mweupe.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Seline alipotokea, pedi zimefungwa kwenye gazeti. Alipatazama mahali pikapu ilipokuwa.

Khamala hakumficha kitu. Alimweleza yote aliyoyafanya, na kwa kuwa alitarajia kukaripiwa, aliharakisha kusema kwamba hakuna malipo yoyote, iwe ni zawadi tu kwa familia. Seline hakuuliza habari za malipo. Aliuliza Jeconia ameelekea wapi.

"Amepitia kwa marafiki, wapoze koo kidogo."

"Na breki hazilii kabisa?"

"Kabisa, Mama Hope," Khamala akasema, akijisikia fundi kweli kweli. "Atashuka ule mlima mpaka mlangoni na hakuna atakayejua amefika."

Seline aliweka pedi juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayetua kitu kinachovunjika.

"Hiyo kelele ndiyo ilikuwa inawaambia watoto wangu watoroke kabla baba yao hajaingia ndani amelewa," alisema, na alikuwa ameshaanza kukimbia.