Alivyotafsiri Bi Sikudhani

Deki ya video ilimeza kanda, klak, kwenye giza la sebule. Ulikuwa mchana kweupe, ila Bi Sikudhani alifunga mapazia, maana tamthilia ya mizuka, alisema, haitazamwi kwenye mwanga. Hizi zilikuwa sehemu za mwanzo kabisa. Zamani majirani walijaa humu kwenye mikeka, naye akawatafsiria Kiingereza chote.

Leo alibaki na mjukuu wake, Tausi, wa miaka mitano. Nyuma yao binti yake, Mwatime, alikuwa akikunja nguo.

Kwenye televisheni mwanamke mwenye gauni jeupe aligonga dirisha la jumba kubwa.

"Anasemaje, bibi?"

"Anasema huku nje baridi, mjukuu wangu. Anaomba chai."

Mwatime aliacha kukunja. Tangu utotoni aliiamini chai ile. Lakini sasa alikuwa na miaka miwili ya masomo ya jioni ya Kiingereza, na alisikia wazi: mwanamke yule aliapa kuwazika wote waliomo ndani.

Bi Sikudhani alimwona. Akainamisha kichwa, akaanza kusokota ncha ya kanga yake.

"Wewe si umesoma," alisema polepole. "Haya, mwambie mwanao."

Tausi akageuka. "Eti mama, anataka chai?"

Mwatime alivitazama vidole vya mama yake.

"Anataka chai," alisema. "Tena ya tangawizi. Hapo tu ndipo bibi aliposahau."

Vidole vikatulia kwenye kanga. Yule mwanamke akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na Tausi akasimama.

"Mfungulieni mlango."