Njia ya Buhira

Anastasie alitua kikapu ili polisi wapite, lakini hawakupita. Muzungu wao alitandaza ramani kuukuu juu ya jiwe, kando ya barabara ya Itebero.

"Mama, iko muntu anaikalaka kule juu?" karani wake akauliza.

"Hakuna, Papa. Iko pori tu."

Tangu serikali iwahamishe watu wa Buhira na kuwaleta barabarani, msitu ulikuwa umemeza kijiji chote. Ndiyo maana mume wake, alipotoroka kazi ya barabara, alikwenda kujificha huko, kwenye migomba ya baba yake. Nani angekumbuka njia?

Ramani iliikumbuka. Ukucha wa muzungu ulifuata mstari mwembamba, ukavuka kijito, ukapanda kilima, ukasimama kwenye vijumba vidogo vyeusi. Anastasie hakujua kusoma, lakini aliitambua njia hiyo kona kwa kona.

Karani aliinama, akaweka kiganja juu ya majani ya ndizi yaliyofunika kikapu. Hakuondoa mkono.

"Bado iko moto," akasema polepole. "Unapelekea nani, Mama?"