Dole Gumba

Mwanamke mgeni alikuwa anapima madirisha kwa kamba. Siwema akamuuliza kulikoni.

"Napima mapazia, dada. Nyumba si mmetuuzia jana?"

Siwema akatoka hadi uani. Mumewe, Machano, alikuwa anaiosha pikipiki, ileile waliyokubaliana iuzwe ili nyumba ibaki.

"Baba Zuhura, karatasi niliyotia dole gumba, si ulisema ni ya kuuza pikipiki?"

"Pikipiki ndiyo inayotulisha, mke wangu. Nyumba imewahi kuleta hata kibaba cha unga?"

"Basi watoto watalala juu ya siti?"

Machano akainama, akaendelea kusugua taa. Siwema akachuchumaa kando yake, akachovya dole gumba kwenye ndoo ya povu, akalisugua taratibu. Wino wa jana ulikuwa bado umeshika kwenye mistari.