Kumtafuta wa Pili

"Ni wewe?" Mapovu alimuuliza mpakiaji, amembana kati ya mitungi na ukuta.

"Mimi nini?"

"Uliyepeleka ripoti serikalini. Niambie tu, sikufanyi kitu."

Mpakiaji akainua mikono juu. "Simo, kaka! Simo kabisa! Mdomo uliponza kichwa, na mimi mke wangu mjamzito." Akapenya chini ya mkono wa mwenzake, huyoo, akaenda zake.

Mapovu akaupiga mtungi teke. Alishamuuliza mlinzi, akamuuliza fundi wa vali, akamuuliza hata mpishi. Wote jibu lao ni lilelile: kila mtu anaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake. Na lazima mmoja wao alikuwa anaapa uongo!

Jina la Mapovu lilitokana na kazi. Kabla mtungi haujajazwa gesi, yeye ndiye aliyeuzamisha kwenye tangi la maji. Mapovu yakipanda, unavuja, weka kando. Kisha akaja bosi mpya, akasema maji yanachelewesha kazi. Basi mitungi yenye kutu ikawa inapelekwa moja kwa moja kwa Mama Rangi, inapakwa nyekundu inang'aa, inajazwa, inakwenda kwenye majiko ya watu. Mizuri kweli kuitazama, ila usiwashe kiberiti karibu.

Yote yalianza Jumatatu, bosi alipomwita ofisini, akafunga mlango.

"Tumechomewa tena. Ripoti ya kwanza nilinyamaza. Sasa imekwenda ya pili, na ni ya mtu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako! Wewe watu wanakuamini. Nitafutie huyo wa pili."

Mapovu aliinamisha kichwa ili asionekane uso. Furaha ilimjaa, kwa sababu wa kwanza alikuwa ni yeye.

Alikwenda mwenyewe, msimu wa mvua, kwenye ofisi ya kuwalinda watoa taarifa. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, akaipuliza chai yake, akasema sheria inataka mashahidi wawili kutoka ndani, waje pamoja. "Kidole kimoja hakivunji chawa, ndugu yangu. Mkija wawili, kiwanda tunakifunga kesho yake, na nyinyi tunawalinda."

"Na nikiwa peke yangu?"

"Ukiwa peke yako, uwe mwangalifu."

Mwangalifu! Sheria gani hiyo, jamani, inayokuambia ulete mwenzako, na ukishamuuliza mwenzako umejianika mwenyewe? Wala sheria yenyewe haikuwa siri. Bosi aliibandika kwa mkono wake kwenye ubao wa matangazo, eti hapa kwetu hatuna cha kuficha. Tangu siku ile, kila lori lililotoka getini limesheheni mitungi Mapovu alilisindikiza kwa macho mpaka linapotea. Mkewe alishautoa mtungi jikoni, akawa anapika kwa mkaa uani, na majirani wanamcheka: mume yuko kwenye gesi, mke anapuliza moshi! Wanaocheka ni haohao wenye mitungi ile ndani, watoto wao wamelala chumba cha pili. Akiwaonya, kesho bosi anajua nani kasema. Asipowaonya, je?

Lakini sasa wa pili yupo! Jasiri mmoja, humu humu ndani. Tatizo ni kumpata. Ukiuliza kama mtu wa bosi, anakukana. Ukiuliza kama rafiki, anaona mtego. Na nani wa kumlaumu?

Ndipo alipoanza kumtazama vizuri Mama Rangi. Wiki ile mama huyu alikuwa amebadilika. Alipaka huku akijifuta machozi kwa kiwiko. Alifika mahali akausukuma mtungi mmoja kando, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huu siupaki! Dhambi hii sibebi mimi!" Mtu ambaye siku zote ukimsalimia ndio anafungua kinywa! Msimamizi alikuwa anapita, akamsikia, akaendelea na safari yake.

Wenzao walipokwenda kula, Mapovu akaingia chumba cha rangi, akarudishia mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huli leo?"

"Mama, ni wewe?"

Mama Rangi akaweka brashi chini. Hakuapa, wala hakutaja kaburi la mtu. Mapovu akamsogelea.

"Watu wanasema bosi ndiye anayekutuma uulize," mama akasema taratibu. "Sasa mimi nitajuaje ninazungumza na nani?"

"Kwa sababu wa kwanza ni mimi!"

Likishatoka moja, yote yanafuata. Akamwambia habari za ofisi, na afisa na chai yake, na mkewe na moshi wake, na jinsi anavyoamka usingizini akidhani amesikia mlipuko mtaani. Alikuwa analia, anacheka, hajijui. "Twende, mama! Leo hii hii, mimi na wewe. Wawili tu tunatosha. Kesho hautoki hata mtungi mmoja getini!"

Mama Rangi akavua glavu. Akaishika mikono ya Mapovu, akaibana kwa nguvu, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Hakuna wa pili. Bosi aliniambia nilie tu kwa sauti, wa kwanza atanifuata mwenyewe."