Jibu la Mwajabu

Salha alikuwa na miaka minne na hajawahi kusema hata "mama." Muuguzi alimtazama akicheza sakafuni, kisha akashika kalamu.

"Mama Salha, mtoto alilia alipozaliwa?"

Siku Mwajabu alipomzaa Salha, mkunga alipotangaza kuwa ni msichana, mama mkwe alipiga vigelegele pale mlangoni, naye hakuwa na moyo wa kumharibia furaha. Tangu hapo kila aliyeuliza, hata mumewe, alimjibu kwamba mtoto alilia sana.

"Niambie tu, dada. Nikiandika uongo hapa, nitamtibu mtoto mwingine, siyo huyu."

"Hakulia," Mwajabu alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Alitoka kimya, amebadilika rangi. Walimsugua na kumpulizia muda mrefu. Mimi nilisikia maji ya bomba tu."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Walipotoka, mama mkwe aliinuka kwenye benchi akimpokea mjukuu wake kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu, wamekuuliza nini huko ndani?"

Mwajabu aliketi, akamsogezea nafasi kando yake, akatafuta pa kuanzia.