Kikombe cha Pili

Kiangazi chote Sijaona aliponda kokoto bila kunywa maji, kwa kuwa choo cha machimboni kilikuwa cha wanaume tu. Maji aliyojaziwa chupani na binti yake kila asubuhi aliyamwaga jioni chini ya mpapai, ili arudi nyumbani na chupa tupu.

Sasa mvua ya kwanza ilipiga bati. Figo za Sijaona zilikuwa zimekufa. Daktari alimruhusu vikombe viwili kwa siku, na cha pili alikimaliza saa nne asubuhi.

“Niongezee kidogo, mwanangu.”

“Hapana, mama. Daktari kasema maji yatakujaa mapafuni.”

Sijaona alijikokota hadi barazani, akakinga kiganja kwenye mchirizi wa paa. Kikajaa. Mlangoni, binti yake alingoja aone kama atayamwaga.